Pampu Isiyopumzika

Miaka kumi na mmoja nilikaa mapokezi nikigonga muhuri, na kama kuna mtu amewahi kufa huku anapokea mshahara, ni mimi. Mgeni anakuja, naandika jina, nagonga. Mgeni anaondoka, naandika saa, nagonga. Mdogo wangu alikuwa ananitania kwamba siku nikifa watanigonga muhuri kwenye paji la uso ili malaika wajue nimeingia saa ngapi. Nilikuwa nacheka naye mezani, halafu naingia bafuni, nafungulia maji na kulia.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika sitamalizia, na hii ni habari inayotaka kumaliziwa.

Kile ni kiwanda cha kufulia. Mashuka ya hospitali, mataulo ya hoteli, magwanda ya mafundi, vyote vinaletwa asubuhi na malori vikiwa vinanuka, na jioni vinatoka vimekunjwa. Mapokezi ni mbele. Nyuma kuna ukumbi wa mashine, pembeni yake chumba cha pasi, na chini ya chumba cha pasi kuna boila. Nilikuwa sijawahi kushuka huko hata mara moja, mpaka siku msimamizi aliponipa barua nimpelekee fundi wa chini. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Haraka. Hata akikuuliza hali anakuuliza huku anaondoka.

Nikashuka ngazi kumi na nne za chuma, nikasukuma mlango, na ile sauti ikaniingia. Moto ulikuwa unanguruma, mvuke unasukumana kwenye mabomba, na kwenye kona pampu ndogo ya kijani, rangi imebanduka, ilikuwa inaimba. Ninaposema inaimba namaanisha inaimba, sauti nyembamba ya juu, haitetereki. Ikaimba, ikanyamaza, ikakaa kidogo, ikaimba tena. Sikuona nuru wala sikusikia malaika. Nilisimama tu na barua mkononi mpaka jasho likailowanisha, na mzee aliyekuwa mle ndani akanitazama, akasogeza ndoo, akaigeuza kichwa chini, akaniambia nikae. Barua aliisahau yeye, niliisahau mimi. Sijui mpaka leo iliandikwa nini.

Huyo ndiye Babu Mvuke. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimeomba kuhamishwa, na jengo zima lilicheka. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kiti cha kuzunguka na feni, anaomba kwenda kuzimu kwa hiari yake. Mume wangu aliniambia nichague, yeye au boila, na nadhani alidhani ameniuliza swali gumu.

Boila, kwa asiyeijua, ni sufuria kubwa la chuma lililofungwa pande zote, limelala ubavu, refu kuliko gari dogo. Maji yako ndani, moto uko tumboni. Maji yanakuwa mvuke, mvuke unapanda juu kwenye pasi na mashine, na pampu inarudishia maji yaliyotoka. Basi. Hatari yake ni moja tu, na Babu alinifundisha kabla hajaniruhusu kushika kitu. Maji yakiisha huku moto unawaka, chuma kinaiva kinakuwa chekundu, na hapo mtu akikurupuka akaingiza maji ya baridi ili aokoe mambo, boila inalipuka na kuondoka na jengo. "Ukiona maji yamepotea," alisema, "usiongeze hata kikombe. Zima moto, toa watu, ondoka." Nililisema neno hilo nyumbani mara nyingi mpaka mdogo wangu akawa analimalizia kabla yangu, huku anakula.

Babu alifanya kazi kwa masikio. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Anaweka ncha kwenye bomba, anaweka mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho, kisha anakwambia bomba hili lina ukoko, vali ile inavuja, na kweli ukifungua unakuta hivyo hivyo. Kila asubuhi aliandika kwenye daftari kubwa: presha, maji, sauti. Hapo kwenye sauti aliandika neno moja. Nzito. Kavu. Inakohoa. Nzuri. Mimi niliyeandika majina ya wageni miaka kumi na mmoja bila kumjua hata mmoja nilijikuta nangoja neno hilo moja kwa hamu.

Kulikuwa pia na boya. Liko ndani ya kopo la chuma ubavuni mwa boila; maji yakishuka mno, boya linashuka nayo na kuzima moto lenyewe. Lakini lilikuwa la zamani, linakwama, linazima moto mara nne kwa siku bila sababu, na wanawake wa pasi juu wanagonga sakafu kwa visigino wakidai mvuke. Babu alikuwa ameufunga mkono wake kwa waya tangu zamani. "Hili ni la watu wasio na masikio," aliniambia. Tulicheka wote wawili, na mimi nilicheka kuliko yeye.

Alinifundisha miaka mitatu, kwa sauti ya juu kana kwamba anagombana, na nilizoea. Siku moja akaja amevaa shati jeupe. Akanikabidhi bisibisi.

"Naenda kupumzika," akasema.

"Umechoka, Babu?"

Hakujibu. Nikarudia, na nikaona anatazama mdomo wangu, si macho yangu. Kisha akasema, "Pampu nzima huimba ikanyamaza. Siku ukiisikia inaimba tu bila kupumzika, usikae humu. Ngoma ikilia sana, hupasuka." Akapanda zile ngazi kumi na nne akiwa ameshika ukuta. Nilidhani ananifundisha habari za pampu.

Baada yake nilikaa na ile boila miaka tisa. Nilikuwa na furaha. Nalisema wazi kwa sababu sisi tuliolelewa kwa shida huwa tunaona haya kulisema, kana kwamba mtu atasikia aje kuinyang'anya. Niliamka kabla ya jogoo wa jirani, navaa gwanda, natembea haraka kama niendaye harusini. Mikono yangu ilijua kazi, kichwa changu kilijua kazi, na walioniita mwendawazimu wakaanza kuniita Mama Boila kwa heshima. Bwana Haraka mwenyewe aliwaambia wageni, "Huyu ana masikio, acha tu."

Mdogo wangu nilimtafutia kazi chumba cha pasi. Huyo nimemlea. Mama alifariki yeye ana miaka minne na mimi kumi na sita, na kila kitu alichokula baada ya hapo kilipita mikononi mwangu. Tunaishi nyumba moja, yeye na mwanawe wa kike ambaye ananiita mama mkubwa. Mashine yake ya pasi ilisimama juu ya pampu yangu kabisa, sakafu tu katikati. Nilifurahi kwamba mvuke wangu ndio ulikuwa unafika mikononi mwake.

Masikio yalianza na mtoto. "Mama mkubwa, nimekuita mara tano." Nikamwambia hana adabu, anaita kwa kunong'ona. Ikaja redio, kwamba naifungulia mpaka jirani anabisha ukutani. Simu nikaanza kuwapa wengine wapokee. Halafu ikaja ile sauti. Nikiwa nyumbani nimelala, au niko sokoni nachagua vitunguu, naisikia pampu inaimba ndani ya kichwa. Wewe ungeogopa. Mimi nilifurahi. Wenzangu wakitoka kazini wanarudi na uchovu, mimi narudi na wimbo.

Mdogo wangu ndiye aliyenikokota kwa daktari wa masikio. Daktari akanifungia kwenye kichumba, akanivisha vifaa kichwani, akaniambia ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Nilinyoosha mkono muda wote. Aliponitoa alikuwa amekunja uso. Akaniandikia karatasi: mlio ule ni wa masikio yenyewe, hautatoka, na mashine imekula sehemu kubwa ya usikivu wangu, niondoke penye kelele, na nisifanye kazi yoyote ambayo usalama wake unategemea kusikia. Nilimshukuru. Nilimwambia mdogo wangu kwamba nimepewa matone.

Karatasi aliikuta chini ya gazeti la kabati la vyombo, alipokuwa anasafisha.

"Dada, hii ni nini?"

"Karatasi."

"Nimeisoma."

"Basi kama umeisoma unaniuliza nini?"

Akakaa. Akaongea taratibu, huku ananigeuzia uso ili nimwone anavyosema, na jambo hilo lilinikasirisha kuliko maneno yenyewe. "Tuko kumi na wawili juu ya kichwa chako. Kumi na wawili, dada. Una boya limefungwa waya, wewe mwenyewe uliniambia ukicheka. Sasa kama masikio hayapo, kinachotulinda ni nini?"

"Mmewahi kuungua lini?"

"Unasubiri tuungue kwanza?"

"Najua kazi yangu."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, na hakusema kwa ukali, alisema kwa huzuni.

Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Nilimwambia nilivyomlisha, nilivyomvisha, nilivyoacha shule ili yeye asome. Nilimwambia kwamba nilikufa miaka kumi na mmoja mapokezi na sasa ninaishi, na kama anataka kunizika tena aseme. Nikamwapisha kwa kaburi la mama kwamba hatamwambia mtu. Aliapa huku machozi yanamtoka. Naona aibu nikilikumbuka, na sikuwa na aibu siku ile.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme. Kila boila ina kioo cha maji, bomba dogo la kioo ubavuni linaloonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Lakini tundu zake zikiziba kwa ukoko, maji ya zamani hubaki yamesimama kwenye kioo hata kama ndani yameisha. Kioo kinadanganya. Kwa hiyo lazima ukisukutue, ndivyo tunavyosema, ufungue kibomba cha chini maji yatoke, kisha yarudi yenyewe. Babu alisema mara mbili kwa siku. Mimi nilikuwa nasukutua asubuhi, kisha nikawa nasukutua siku nikikumbuka. Niliona kama kumuuliza mume swali ambalo jibu lake unalijua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mzigo wa hoteli umezidi, Bwana Haraka anapita kila mahali akipiga makofi. Niliwasha moto asubuhi, nikasikiliza, nikaandika nzuri. Presha ilikaa vizuri. Kioo kilionyesha nusu. Pampu iliimba, na mimi niliimba nayo. Mchana nilikula mle mle ndani, kwenye ndoo yangu. Kulikuwa na joto kuliko kawaida, na harufu kama ya kikaango kilichosahauliwa jikoni, nikajiambia ni rangi ya bomba jipya.

Saa tisa alasiri mlango ulifunguliwa. Mdogo wangu alisimama pale akiwa ameshika shuka. Katikati ya shuka palikuwa na alama ya rangi ya chai.

"Mvuke wako unaunguza," akasema. Nilisoma mdomoni mwake. "Tumeharibu matano."

"Punguzeni mkono."

"Dada, pampu yako imenyamaza tangu tuliporudi kula."

"Inaimba. Hebu sikiliza."

Akasikiliza. Nilimwona anasikiliza. Uso wake ukabadilika, na haukubadilika kwa sababu ya pampu, ulibadilika kwa sababu yangu.

"Haiimbi, dada."

"Wewe unajua nini kuhusu pampu?"

"Najua sakafu. Ikiimba, sakafu inatetemeka chini ya miguu yangu, ikinyamaza inatulia. Miaka minane. Leo imetulia tu."

Nilitaka kumfukuza. Nilimwonyesha kioo, maji yale nusu, tazama mwenyewe, wewe na sakafu yako. Kisha, ili nimwaibishe tu, nikashika kibomba cha chini nikifungue nisukutue mbele yake. Hakikutoa kitu. Nikakizungusha zaidi. Kikatema kipande cha ukoko mweupe, nyuma yake maji kidogo, na baada ya hapo ukatoka mvuke mkavu peke yake. Kioo kikabaki kitupu. Nikangoja maji yarudi na hayakurudi.

Nikachukua bisibisi, nikaweka ncha kwenye pampu na mpini nyuma ya sikio. Iliimba. Nikaiondoa bisibisi kwenye pampu, nikaishika hewani. Iliimba vile vile. Nikaweka kiganja juu ya pampu. Ilikuwa baridi, imetulia, imekufa muda mrefu.

Sitaweza kukueleza nilivyojisikia. Ni kama umekaa na mtu sebuleni, unaongea naye mchana kutwa, halafu mtu anaingia anakuuliza unaongea na nani.

Ukutani kuna vali ya akiba, inaleta maji ya bomba moja kwa moja. Mkono wangu ulikuwa umeshaishika. Usiniulize kwa nini, mimi niliyeifundisha kanuni ile nyumba nzima. Nilikuwa naona kitu ninachokipenda kinakauka mbele yangu na nilitaka kukinywesha. Nilikuwa nimeanza kuzungusha.

Mdogo wangu akanikamata kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili. "Hata kikombe," akasema. "Dada. Hata kikombe."

Nikaachia. Nikazima moto. Tukapanda ngazi, yeye mbele, na juu alishapiga kelele kabla sijafika, maana wanawake walikuwa wanatoka mbio, wengine miguu mitupu. Tukasimama uani karibu na malori. Baada ya muda niliwaona wote wameruka kwa pamoja na kushikana. Mimi sikusikia kitu. Niliuhisi tu kwenye nyayo, mshindo mmoja mzito, bomba la ndani lilivyokuwa linapinda kwa joto. Kisha kimya, walisema. Kwangu hakukuwa na kimya. Pampu ilikuwa inaimba.

Bwana Haraka alikuja anakimbia, shati limetoka suruali. "Nini? Nani? Imekuwaje?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo. Mdogo wangu akanitangulia.

"Dada alisikia pampu imenyamaza," akasema. "Akazima moto akatutoa wote."

Wale wanawake walinivamia. Mmoja alinibusu mkono, mmoja alikaa chini akalia na kuomba dua. Bwana Haraka alijifuta uso kwa mikono miwili, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasimama mahali pamoja. Akaniambia kwamba masikio kama yangu hayanunuliki, na kwamba maadamu yeye yupo, kazi ile ni yangu mpaka nichoke mwenyewe. Mimi nilimtazama mdogo wangu, naye alikuwa ananitazama bila kupepesa.

Nyumbani alifunga mlango wa chumba, akakaa mbele yangu.

"Unajua kwa nini nimesema vile?"

"Kwa sababu uliapa."

"Kiapo nimekishika mpaka kimenichubua. Si hilo. Nimekufungulia mlango, dada. Ungetoka kwa aibu, wangekusema mpaka kaburini. Sasa toka unaimbwa. Waambie umechoka, waambie ulivyoona kifo umeamua kupumzika. Watakuaga vizuri, watakupa saa ya ukutani. Lakini toka."

"Na boila ikipona?"

"Ipone na mwingine."

Nililia. Nikamwahidi. Usifikiri nilimdanganya; usiku ule niliamini kila neno nililosema. Alinishika kichwa kama mimi nilivyomshika yeye alipokuwa mdogo.

Mafundi walichukua wiki tatu kubadilisha mabomba ya ndani na pampu. Na unajua wiki tatu hizo Bwana Haraka aliniweka wapi? Mapokezi. Kiti kile kile cha kuzunguka. Muhuri ule ule, mpini wake una alama ya meno yangu ya zamani. Mgeni anakuja, nagonga. Siku ya pili nilikuwa siwezi kula. Siku ya nne mtu aliniuliza jina langu ili anishukuru, na ikanichukua muda kukumbuka. Kitu kilichonishikilia ni ule wimbo kichwani. Niliegemeza kichwa ukutani, nikaufuata.

Madaftari ya zamani ya boila yanawekwa kwenye kabati la mapokezi. Siku moja hapakuwa na wageni, nikayatoa. Nilitafuta mwaka wa mwisho wa Babu. Miaka ya nyuma kulikuwa na nzito, kavu, inakohoa, maneno yake yote. Mwaka wa mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, kila siku hata Jumapili, ameandika nzuri. Nzuri, nzuri, nzuri. Hata mara moja hakuandika kitu kingine. Nikakumbuka alivyotazama mdomo wangu, na alivyoshika ukuta. Nikayarudisha madaftari kabatini, nikafunga kwa ufunguo.

Jioni ya kuamkia kuwashwa kwa boila, mdogo wangu akaniuliza, "Umesema?"

"Nitasema kesho."

Alinitazama, akainuka, akaenda kumpigia mtoto pasi nguo za shule. Asubuhi nilipoamka hakuwa amevaa nguo za kazi. Alikuwa amekaa na chai. Akaniambia barua yake ya kuacha kazi ilishafika kwa Bwana Haraka siku mbili zilizopita, na hakuandika sababu. "Niliapa," akasema. "Lakini sikuapa kwamba nitasimama juu yako." Kisha akasema ana mtoto, na akageukia dirishani, kwa hiyo kama aliendelea kuongea sikupata.

Nilitembea peke yangu. Nilipanga njia nzima jinsi nitakavyosema. Nikifika, naenda moja kwa moja ofisini. Lakini ofisini hakukuwa na mtu, Bwana Haraka alikuwa ameshashuka chini ananingoja, amefungua mlango ule, mabomba mapya yanang'aa, na juu ya ndoo yangu ameweka kitambaa kisafi. Nikawasha moto. Ukanguruma kwenye kifua changu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Mafundi walikuwa wameweka boya jipya. Kabla ya saa nne lilikuwa limezima moto mara tatu. Mara ya kwanza nikasukutua kioo, maji yalirudi, machache, yakitetemeka; pengine ni jipya halijazoea, pengine pampu inachelewa. Fundi mwenye masikio angejua kwa kusikiliza tu. Nikaweka kiganja kwenye pampu. Ilikuwa vuguvugu, na chuma kizima cha mle ndani kilikuwa vuguvugu. Ilikuwa inaimba tangu nilipofungua mlango, haijapumzika hata mara moja.

Bwana Haraka akashuka tena. Juu kulikuwa na msichana mpya kwenye mashine ya mdogo wangu, na mzigo wa hospitali ulikuwa haujaanza. Akaniwekea kipande cha waya kwenye kiganja. Nilisoma mdomo wake vizuri.

"Lifunge hilo. Sisi tuna masikio yako."

Huo ndio ulikuwa mlango wa mwisho, na niliuona. Nilijua neno la kusema, lilikuwa fupi. Yeye akangoja kidogo, kwake kidogo ni kitu kikubwa, kisha akanipigapiga bega akapanda ngazi.

Nikafunga waya. Mizunguko mitatu, kama ya Babu. Moto ukatulia. Nikakaa kwenye ndoo, nikafungua daftari jipya, nikaandika presha, nikaandika maji. Juu walikuwa wanagonga sakafu kwa visigino, wanataka mvuke. Nilijua kwa sababu vumbi lilikuwa linadondoka kwenye ukurasa, pale panapoandikwa sauti. Nikalipangusa kwa mkono, nikaandika nzuri.